Mimea ya Harufu Nzuri katika Nyua za West Nile

Katika vilima vya Arua na Koboko, eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, uwanja wa nyumba kwa desturi hufagiwa mpaka ubaki udongo mtupu. Nyoka akipita huonekana mapema, mihogo na simsim huanikwa hapo, wageni huwekewa viti hapo, na wazee huketi hapo kuamua mambo ya ukoo. Mimea hukaa pembezoni. Mpangilio huo ni wa zamani kuliko bustani yoyote ya maua katika nchi hiyo, na ndio ulioamua kwa sehemu kubwa mimea ya harufu nzuri ingepandwa wapi na ipi kati yake ingedumu.

Mti uliopandwa karibu na nyumba ya Mlugbara ulikuwa na kazi yake. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi kati ya Walugbara kuanzia 1949 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwamba kaburi la mzee mwenye heshima lilipandiwa mtini wa aina ile inayotoa nguo ya magome. Mti huo haunukii. Ulipandwa ili ukoo ujue baba yao amelala wapi. Harufu za nyumbani zilitoka kwingine: moshi wa kuni uliozama katika paa la nyasi, simsim inayokaangwa, udongo uliolowa kwa mvua za mwanzo baada ya kiangazi kirefu cha Desemba hadi Machi. Kupanda kitu ili kinukie tu, bila kuliwa wala kutibu wala kukumbusha, ni jambo lililoingia baadaye.

Mmea uliotangulia ni kivumbasi. Jamii yake, mirehani mwitu ya jenasi ya Ocimum, huota yenyewe kando ya njia na katika mashamba yaliyoachwa kote Afrika Mashariki. Baganda huchemsha majani ya aina mojawapo, wanayoiita mujaaja, wakayatia katika chai. Kwingineko majani hupondwa kwa mafua na kikohozi, au hutupwa juu ya makaa jioni ili kufukuza mbu. Matumizi hayo ya mwisho yana uzito wake katika West Nile. Mnamo Desemba 1937 watafiti wa taasisi ya homa ya manjano ya Entebbe walichukua damu ya mwanamke wa Omogo aliyekuwa na homa, wakapata ndani yake kirusi kilichokuwa hakijajulikana, na jina la wilaya likabebwa na ugonjwa unaoenezwa na mbu ambao leo unajulikana hadi Marekani. Malaria nayo haikuhitaji kugunduliwa na mtu. Ilikuwa katika kila nyumba.

Je, mmea wenyewe ukiwa hai mlangoni unasaidia? Majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalionyesha kwamba vivumbasi vilivyowekwa ndani ya vyungu vilipunguza mbu wanaoingia kwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Si kidogo, lakini si badala ya chandarua. Majani yakipashwa moto hutoa mafuta yake kwa wingi zaidi, na hapo mababu walikuwa sahihi kuyaweka juu ya makaa kuliko kuyategemea yaliyo shinani. Kivumbasi kina sifa nyingine iliyokihifadhi: mbuzi hakipendi. Katika nchi ambayo mifugo huachiliwa itembee baada ya mavuno, sifa hiyo inazidi uzuri wa ua lolote.

Desturi ya kupanda kwa ajili ya harufu ilikuja na watu wa Sudani. Mwaka 1878 Eduard Schnitzer, daktari mzaliwa wa Silesia aliyejulikana kwa jina la Emin Pasha, alifanywa gavana wa Equatoria, jimbo la kusini kabisa la utawala wa Misri. Uasi wa Mahdi ulipokata njia ya kwenda Khartoum, alihamia kusini mwaka 1885 akaweka makao Wadelai, ukingoni mwa Nile, ndani ya West Nile ya leo. Vituo vyake havikuletewa tena bidhaa. Watu wake walilima pamba wakafuma nguo zao wenyewe, wakalima nafaka na mboga, wakaishi kwa walichoweza kukiotesha. Mvumbuzi Stanley alipomchukua Emin mwaka 1889 wengi wa askari walibaki nyuma. Miaka miwili baadaye Lugard, ofisa wa kampuni ya Kiingereza, aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaingiza katika jeshi la kampuni hiyo. Waliomfuata walikuwa watu wapatao 8,000, na askari wenyewe kati yao walikuwa mamia tu. Wengine wote walikuwa wake, watoto, watumishi na mateka.

Hesabu hiyo inaeleza mengi kuhusu bustani. Wanubi, kama walivyokuja kuitwa, walikuwa jamii iliyobebwa na wanawake: wao walijenga kambi, walipika, walifuma vikapu, waliozesha mabinti na kuzika wafu, na katika kila jambo kati ya hayo Sudani ina manukato yake. Bibi harusi hupakwa hina na kufukizwa. Desturi ya dukhani humkalisha mwanamke juu ya shimo dogo lenye makaa na vipande vya mti wa talihi, aina ya mgunga, akiwa amejifunika blanketi mpaka moshi uingie katika ngozi. Buhuri hufukizwa katika chetezo baada ya chakula na kabla ya wageni. Udi na msandali lazima vinunuliwe kwa wafanyabiashara, kwa kuwa havioti nchini. Mgunga upo porini. Mhina unaweza kupandwa, na mwanamke mwenye mhina wake hamwombi mtu.

Mhina unastahili kusemwa zaidi, maana mara nyingi huhesabiwa rangi na kusahauliwa harufu. Ni kichaka cha urefu wa mtu na zaidi, chenye matawi membamba, na maua yake madogo ya rangi ya maziwa hunukia kwa mbali sana asubuhi na jioni. Huvumilia kiangazi. Ukikatwa huchipua na kunenepa, kwa hiyo hufaa kuwa ugo. Katika nyua za Waislamu wa maeneo kama Arua na Koboko mmea mmoja wa namna hiyo unaweza kufanya kazi tatu: kuzuia kuku wa jirani, kutoa majani ya harusi, na kunukisha njia ya kuingilia. Kwa mtunza bustani mwenye nafasi ndogo na maji machache, ni vigumu kupata mmea bora kuliko huo.

Rihani ulikuja kwa njia hiyo hiyo ya dini na jamaa. Umetajwa ndani ya Kurani, katika Sura ya Ar-Rahman, na popote Waislamu wa Afrika Mashariki walipokaa majani yake yamewekwa katika nguo, katika maji ya kuoshea maiti au juu ya kaburi. Ni ndugu wa kivumbasi cha porini, mpole zaidi kwa harufu na dhaifu zaidi kwa jua. Nyumba nyingi huutunza karibu na mahali pa kutawadha, ambapo maji yanayomwagika huufikia bila kazi ya ziada.

Pwani ya Waswahili ilikuwa imekwisha kuifanya elimu hii kuwa sanaa. Kikuba cha mwanamke wa Lamu, Mombasa au Unguja hukusanya asumini, rihani, waridi, mlangilangi, mkadi na vilua katika fungu moja la kuvaliwa kifuani au kuwekwa kwenye nywele. Mkilua, mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, una maua yanayothaminiwa sana na wanawake hao, hata Bernard Verdcourt alipoueleza kisayansi mwaka 1970 aliipa jenasi nzima jina la Kiswahili: Mkilua fragrans. Lakini orodha ya pwani haikuweza kuhamia West Nile yote. Mkilua na mkadi ni mimea ya joto la pwani, na mlangilangi hutaka unyevu mwaka mzima, wakati Arua iko juu ya mita 1,200 na hukaa miezi mitatu karibu bila mvua. Asumini, rihani na mhina ndivyo vinavyostahimili safari hiyo. Mswahili au Mnubi aliyehamia huko alilazimika kuchagua, na aliyechagua kwa kufuata kumbukumbu ya nyumbani tu alipoteza miche yake kiangazi cha kwanza.

Mkondo wa pili ulitoka serikalini. Baada ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kufariki Desemba 1909, eneo la Lado alilolikodi lilirudi Sudani, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Mwaka huo huo A. E. Weatherhead alianzisha kituo cha serikali Arua. Maofisa wa wakati ule walipanda miti na maua kuzunguka nyumba zao kila walikopangiwa kazi, na Uganda ilikuwa tayari na chemchemi ya miche: Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898 chini ya Alexander Whyte ili kujaribu mimea ya nchi za kigeni na kuisambaza. Mkalitusi uliingia Uganda karibu na mwaka 1912 kwa ajili ya kuni na kukausha vinamasi. Katika West Nile ulipata kazi nyingine, kukausha tumbaku. Harufu ya majani yake baada ya mvua ni safi na ya kupendeza, lakini si mti wa karibu na nyumba: mizizi yake hunywa maji ya kila kilicho jirani, na matawi yake huvunjika kwa upepo.

Franjipani ndiyo iliyoshinda. Asili yake ni Amerika ya joto, na ilienea katika makoloni yote ya tropiki kwa sababu moja rahisi: tawi likikatwa, likaachwa siku kadhaa mpaka utomvu wake mweupe ukauke, kisha likachomekwa ardhini, huota. Halihitaji kitalu wala mbegu. Hupukutisha majani kiangazi na kungoja mvua. Utomvu wake huzuia mbuzi. Maua yake hunukia zaidi usiku ili kuvuta nondo wakubwa, ingawa hayana asali ya kuwapa. Nondo huhangaika kutoka ua hadi ua akibeba chavua bila ujira. Kwa mtu anayeketi nje jioni baada ya joto la mchana, saa ya nondo ndiyo hasa saa ya kupumzika, na hiyo inatosha kueleza kwa nini mti huu umepandwa mbele ya makanisa, misikiti, shule na makaburi kutoka Zanzibar hadi mpaka wa Sudani Kusini.

Misheni zilikuwa njia kuu ya miche hii kufika vijijini. Africa Inland Mission ilifika Arua mwaka 1918 na kukaa Mvara. Wakatoliki wa Comboni walijenga Ediofe. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 daktari Ted Williams wa Africa Inland Mission alianza kazi Kuluva, kilomita zipatazo 11 kusini mwa Arua, na baadaye ndugu yake Peter, daktari pia, akajiunga naye. Hospitali ya Kuluva inajulikana katika historia ya tiba kwa sababu ya daftari zake: Ted Williams aliandika kwa uangalifu vijiji walikotoka watoto wenye uvimbe wa taya unaoitwa kwa jina la Burkitt, mwaka 1961 alisafiri na Denis Burkitt mwenyewe kwa gari kuelekea kusini mwa Afrika kutafuta mipaka ya ugonjwa huo, na kumbukumbu zake zilitumiwa na watafiti kwa miaka mingi kuchora mtawanyiko wake katika West Nile. Zinaonyesha pia jambo ambalo mpenda bustani hawezi kulipita. Wagonjwa walitoka pembe zote za wilaya, na mgonjwa wa Uganda haendi hospitali peke yake. Jamaa huja kumpikia na kumfulia, wakakaa majuma. Mahali pa namna hiyo, mmea unaoota kwa tawi huenea bila mtu kupanga, kwa sababu kipande cha tawi huombwa bure na hubebwa katika furushi la safari.

Waridi, ua lililopendwa kuliko yote na Wazungu wa misheni na wa serikali, halikwenda mbali hivyo. Linataka kumwagiliwa, kupogolewa na kulindwa dhidi ya mchwa, na mbuzi hulila miiba na yote. Palipo na kisima na mtunza bustani wa mshahara lilistawi. Mahali ambapo mama wa nyumba huteka maji kijitoni na kuyabeba kichwani wakati wa kiangazi, kumwagilia waridi ni kumnyima mtu maji ya kuoga. Wahindi wenye maduka Arua, mpaka walipofukuzwa na serikali ya Idi Amin mwaka 1972, walikuwa na mila yao pia: kwa desturi ya Kihindu nyumba hutunza mtulasi, mrehani mtakatifu, uani.

Mmea mmoja kati ya walioletwa kwa uzuri na harufu umeleta madhara, na unahitaji kuelezwa kwa urefu. Lantana camara, ambayo Baganda wanaiita kayukiyuki, ilitoka Amerika ya joto ikapandwa kuwa ugo wa maua. Majani yake hunuka vikali yakiguswa, harufu ambayo wengine huipenda na wengine huikimbia. Maua yake ya rangi mbili na tatu huvuta vipepeo siku nzima. Ndege hula matunda yake na kutupa mbegu kila mahali. Baada ya muda ugo huwa kichaka, na kichaka huwa kivuli chenye unyevu hatua chache kutoka mlangoni.

Kivuli hicho ndicho anachotaka mbung'o. Mwaka 1964, malale yalipozuka Alego, magharibi mwa Kenya, wachunguzi walimkuta mbung'o wa aina ya Glossina fuscipes, ambaye alidhaniwa kukaa kando ya mito na ziwa tu, akiishi katika vichaka vya lantana kuzunguka nyumba za watu. Busoga, katika mlipuko mkubwa ulioanza mwaka 1976, mambo yalikuwa hayo hayo katika lantana na mibuni iliyoachwa bila kupaliliwa. Malale ya West Nile ni ya aina nyingine, ile ya gambiense inayoua polepole, lakini mbung'o anayeyaeneza ni huyo huyo. Arua, Maracha na Koboko zimepigana nayo kwa vizazi. Tangu mwaka 2011 vitambaa vidogo vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa vimesimikwa kando ya vijito kuua mbung'o, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeutokomeza ugonjwa wa gambiense kama tatizo la afya ya umma. Ushindi huo ni mkubwa, na ugo wa lantana ulioachwa kukua mpaka kijitoni hauuheshimu. Anayeipenda lantana na aipande kwenye jua, peke yake, na kuikata chini mara kwa mara. Aliye karibu na mto ni heri achague mhina.

Kisha vita vilizifuta bustani nyingi. Serikali ya Amin ilianguka Aprili 1979, na majeshi ya Tanzania yalifika Arua karibu katikati ya mwaka huo. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walishambulia kutoka Sudani, na jeshi jipya la Uganda liliporudi lililipiza kisasi kwa raia. Karibu wilaya nzima ilikimbia, Wakakwa na Walugbara wakavuka kwenda Yei upande wa Sudani, au Aru na Ariwara upande wa Zaire. Nyumba zilichomwa na nyua zikarudi kuwa pori. Wengi hawakurudi mpaka karibu na 1986 na baadaye.

Kinachobaki baada ya miaka mitano au sita bila mtu ni kile kisichomhitaji mtu. Moto wa kiangazi hupita kila mwaka katika nyasi zisizofyekwa. Waridi haliwezi kuuvumilia. Rihani hufa msimu wa kwanza. Kivumbasi huacha mbegu ardhini. Mchaichai huungua juu na kuchipua kutoka katika kishina. Mndimu na mchungwa mkubwa huweza kuchipua kutoka mizizini, ingawa kinachochipua kwa mti uliounganishwa ni shina la chini lenye matunda makali. Franjipani nene husimama na makovu. Ndiyo sababu mimea ya harufu inayoonekana zaidi katika nyua za zamani za West Nile ni michache na ya aina zile zile, na mtu asidhani ni uhaba wa mapenzi ya maua. Ni mabaki ya mchujo mkali.

Nyanda za juu za Okoro, kusini mwa Arua, ziko tofauti kidogo. Huko familia hulima kahawa ya arabika karibu na nyumba, na baada ya mvua ya kwanza mibuni yote huchanua pamoja kwa siku chache, nyeupe na yenye harufu kali ya asumini. Hakuna aliyeipanda kwa ajili hiyo.

Katika miji, uchaguzi umepanuka. Arua ilipata hadhi ya jiji Julai 2020, na nyumba za kuta na geti zimeongezeka. Mbuzi wa jirani haingii tena, na bomba la maji limefanya asumini na waridi viwezekane. Mmea unaopendwa sana katika nyua hizo kwa kunukia usiku, Cestrum nocturnum, unahitaji tahadhari mbili. Harufu yake ni nzito mno chini ya dirisha la chumba cha kulala, kwa hiyo hupandwa mbali, upande upepo unakotoka jioni. Na matunda yake meupe ni sumu kwa watoto na mifugo. Asumini haina shida hiyo, nayo huweza kutambaa juu ya ukuta au mlango wa mbele bila kuchukua ardhi.

Nje ya miji swali la nafasi limerudi kwa namna nyingine. West Nile, ambayo watu wake walikuwa wakimbizi Sudani miaka ya 1980, imewapokea wakimbizi wa Sudani Kusini kwa wingi tangu 2016 katika Bidibidi, Rhino Camp na Imvepi, na Wakongo katika Lobule, wilayani Koboko, tangu 2013. Katika makazi kama Bidibidi familia imepewa kiwanja cha mita 30 kwa 30 kwa nyumba, choo, jiko na mboga. Mashirika hugawa miche ya miti kwa kivuli na kuni. Kwa harufu, kiwanja cha namna hiyo kina nafasi ya kivumbasi kando ya jiko, shina la mchaichai pale maji ya kuogea yanapotiririka, ugo wa mhina upande wa njia, na tawi moja la franjipani kwenye kona isiyo na paa, lililowekwa umbali wa kutosha ili mizizi isifike kwenye ukuta wa udongo.